UJASIRI AU JEURI? Neno moja la Kiebrania, na deni nililokuwa nalo



Andiko la leo ni refu kuliko kawaida yangu. Kama uko kwenye matatu, hifadhi usome ukifika. Kama uko nyumbani, mimina chai, fungua Biblia yako katika Danieli sura ya 2 na ya 3, uweke kidole hapo. Tutafika.

Majuma machache yaliyopita kijana mmoja wa kanisa letu alinifuata baada ya ibada. Ana kibanda cha kutengeneza simu, na ni mtu wa bidii. Alikuwa amesoma kwenye intaneti kwamba siri ya Waisraeli katika biashara ni neno moja: khutspa. Maana yake, aliambiwa, ni kwamba husubiri foleni, huombi ruhusa, unaingia kwa mkubwa bila kubisha hodi na kudai kilicho chako. Akaniuliza, "Pasta, hii si ndiyo imani? Si ndiyo ile tunafundishwa, kukiri na kumiliki?"

Nilimpa jibu fupi la mlangoni, lile la mchungaji mwenye haraka ya kwenda mkutano mwingine. Lakini swali lake lilipanda gari na mimi mpaka nyumbani. Usiku nikatoa madaftari yangu ya chuo cha Biblia, nikafuata neno hilo tangu mwanzo wake. Nilipofika mwisho nilikuwa nimejikuta mimi mwenyewe ndani yake, na sikuwa mahali pazuri. Nitakueleza. Kwanza twende na neno.

NENO LILIKOANZIA

Neno hili hutamkwa kutoka kooni, kama vile watu wa Pwani wanavyotamka mwanzo wa jina Khamis. Mzizi wake umo katika Kiaramu, lugha iliyo ndugu wa Kiebrania. Agano la Kale limeandikwa karibu lote kwa Kiebrania, lakini kuanzia katikati ya Danieli 2:4 mpaka mwisho wa sura ya 7, lugha hubadilika kuwa Kiaramu. Katika Biblia nzima mzizi huu wa khutspa unapatikana mara mbili tu, na zote mbili ziko hapo.

Mara ya kwanza ni Danieli 2:15. Mfalme Nebukadreza ameota ndoto. Anawataka wenye hekima wa Babeli wamwambie ndoto yenyewe, kisha wamwambie na maana yake. Wakishindwa, watakatwa vipande vipande. Wanapomweleza kwamba hakuna mwanadamu awezaye jambo hilo, anaamuru wenye hekima wote wa Babeli wauawe. Arioko, mkuu wa walinzi, anatoka kwenda kuua. Danieli anamwuliza kwa busara: mbona amri ya mfalme iko namna hii? Neno analolitumia kuieleza amri hiyo ndilo letu. Watafsiri wengine wameliandika kuwa amri ya haraka, wengine amri kali. Yote mawili yamo: ni neno la mtu mwenye nguvu asiyetaka kungoja wala kuambiwa.

Mara ya pili ni Danieli 3:22. Mfalme huyo huyo amesimamisha sanamu ya dhahabu, na vijana watatu wamekataa kuisujudia. Kwa hasira anaamuru tanuru ichochewe mara saba kuliko ilivyozoeleka. Mwandishi anatueleza kwamba kwa kuwa amri ya mfalme ilikuwa hivyo, ya khutspa, na tanuru ilikuwa na moto kupita kiasi, mwali wa moto uliwaua wale waliowabeba Shadraka, Meshaki na Abednego.

Soma mstari huo tena, mpendwa. Ni nani aliyekufa? Vijana watatu walitoka bila hata harufu ya moto. Mfalme alibaki kwenye kiti chake, hakuungua hata ndevu. Waliokufa ni askari, watu hodari wa jeshi lake, ambao kosa lao lilikuwa kutii. Mfalme alitoa amri, na wengine wakaungua.

Weka hilo moyoni. Tutalirudia.

WALIMU WALIVYOLIPIMA

Miaka mia kadhaa baadaye walimu wa Kiyahudi walilichukua neno hili na kulijadili. Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao uliokamilishwa karibu mwaka 200 baada ya Kristo, inasema mwishoni mwa kitabu cha Sota kwamba nyakati za kumkaribia Masihi khutspa itaongezeka: vijana watawaaibisha wazee na binti atasimama kushindana na mama yake. Kwao ilikuwa ishara ya nyakati mbaya. Ukimsoma Paulo katika 2 Timotheo 3 utaona ukoo wa wazo hilo hilo.

Lakini katika Talmudi ya Babeli, kitabu cha Sanhedrini, kuna mazungumzo ya ajabu. Mwalimu mmoja aitwaye Nahmani, aliyeishi Babeli, nchi tunayoiita Iraki leo, alifundisha kwamba khutspa hufaulu hata mbele za Mbingu. Ushahidi wake ulikuwa Balaamu. Katika Hesabu 22 Mungu anamwambia Balaamu kwanza asiende na wajumbe wa Balaki. Wanakuja wajumbe wengine wakubwa zaidi, Balaamu anauliza tena, na safari hii anaambiwa aende. Kwa hiyo, alisema mwalimu yule, mtu akishikilia bila haya hata Mbingu humwachia.

Mwalimu mwingine, Sheshethi, akaongeza maneno ambayo yamenifuata wiki hizi zote. Alisema khutspa ni ufalme usio na taji. Yaani mtu huyu anatawala, anaamuru, watu wanampisha njia, lakini hakuna aliyemtawaza.

Kijana wangu angefurahia mfano wa Balaamu. Aliomba mara mbili, akapata. Lakini usifunge Biblia hapo. Mstari wa 22 wa sura hiyo hiyo unasema hasira ya Mungu iliwaka kwa sababu alikwenda. Punda aliona upanga ambao nabii hakuuona. Na ukifika Hesabu 31:8 utamkuta Balaamu amelala miongoni mwa waliouawa kwa upanga. Ndugu, kupewa ulichoking'ang'ania hakuthibitishi kwamba ulikuwa na imani. Wakati mwingine Mungu anakuachia barabara ili ukutane na punda wako.

MTU ALIYECHORA DUARA

Wayahudi wana kisa kingine, na ndani ya kisa hicho ujasiri una sura tofauti kabisa. Kimo katika Mishna, kitabu cha Taanithi. Neno khutspa lenyewe halitajwi pale, lakini jambo lenyewe limejaa.

Kulikuwa na ukame. Watu wakamwendea mtu wa maombi aitwaye Honi, wakamsihi aombe mvua. Aliwaambia kwanza waingize ndani majiko yao ya udongo ya Pasaka yasije yakalainika kwa maji. Ona mtu huyo! Hakuna wingu angani, naye anawaambia waanue vitu vya nje. Akaomba. Mvua haikunyesha.

Ndipo akachora duara chini, akasimama katikati, akamwambia Mungu kwamba watoto Wake wamemgeukia yeye, na kwamba anaapa hatoki pale mpaka awahurumie. Yakaanza manyunyu. Honi akasema hakuomba hayo, aliomba mvua ya kujaza visima. Ikashuka mvua ya kutisha. Akasema hata hiyo sivyo, aliomba mvua ya neema na baraka. Ikanyesha sawasawa, mpaka watu wa Yerusalemu wakalazimika kupanda kwenye mlima wa Hekalu kwa sababu ya maji.

Simeoni mwana wa Sheta, mkubwa wa walimu wakati huo, alimtumia ujumbe mkali. Alimwambia kwamba angekuwa mtu mwingine angemtenga na jamii. Lakini nifanye nini, alisema, na wewe unamdekea Mungu kama mtoto anavyomdekea baba yake, naye anakupa.

Mzazi unaelewa. Kuna mtoto anayekuvuta nguo mbele ya wageni mpaka unampa, na moyoni unacheka. Na kuna mtu mzima anayeingia kwako na kuanza kukuamrisha ndani ya nyumba yako. Huwezi kuwaweka pamoja hao wawili.

Sasa sikiliza mwisho wa maisha ya Honi, kwa maana wahubiri wengi wanakomea kwenye mvua. Mwanahistoria Yosefo, aliyeandika katika karne ya kwanza baada ya Kristo, anamtaja mtu mwenye haki aitwaye Onia ambaye maombi yake yalileta mvua wakati wa ukame. Wanahistoria wengi wanaamini ni Honi huyu huyu. Karibu mwaka 65 kabla ya Kristo ndugu wawili wa nyumba ya kifalme, Hirkano na Aristobulo, walikuwa wakipigania madaraka. Aristobulo alikuwa amejifungia Hekaluni pamoja na makuhani, na jeshi la Hirkano pamoja na Mfalme Areta wa Waarabu lilikuwa limewazingira. Onia alikuwa amejificha kwa sababu ya vita hiyo. Watu wa Hirkano wakamtafuta, wakamleta kambini, wakamwamuru: uliyeomba mvua ikanyesha, sasa omba laana juu ya Aristobulo na wenzake.

Alikataa. Walipomlazimisha alisimama katikati yao akamwomba Mungu, Mfalme wa wote, kwamba kwa kuwa hawa waliosimama naye ni watu Wake, na wale waliozingirwa ni makuhani Wake, asiwasikilize hawa dhidi ya wale, wala wale dhidi ya hawa. Wakampiga mawe mpaka akafa.

Mpendwa, mtu yule yule aliyethubutu kumwambia Mungu "sitoki hapa" aliogopa kuwaamrisha adui mabaya. Duara alilichora kwa ajili ya watoto wenye kiu, na hakukubali kulichora kwa ajili ya kambi moja dhidi ya nyingine. Sisi wachungaji wa Kenya tunaijua kambi ile. Kila uchaguzi ukikaribia kuna mtu anakuja na bahasha na kuomba "maombi kidogo" dhidi ya upande wa pili. Ujasiri wa Honi ulionekana zaidi siku aliyokataa kuliko siku mvua iliponyesha.

SAFARI YA NENO MPAKA SOKONI

Basi neno hili lilifikaje kwenye simu ya kijana wangu?

Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walizungumza Kiyidi. Kama Kiswahili chetu kilivyo lugha ya Kibantu iliyopokea maneno mengi ya Kiarabu, Kiyidi kina mifupa ya Kijerumani na maneno mengi ya Kiebrania na Kiaramu. Khutspa lilikuwa mojawapo, na lilikuwa neno la kukemea. Mama alimwambia hivyo mtoto aliyemjibu vibaya mzee.

Kati ya mwaka 1881 na 1924 zaidi ya Wayahudi milioni 2 waliikimbia Ulaya ya Mashariki kwa sababu ya umaskini na mauaji, na wengi wao walikwenda Marekani. Neno lilisafiri nao. Huko Uingereza, mwandishi Israel Zangwill alilitia katika riwaya yake ya mwaka 1892 juu ya Wayahudi wa London. Mwaka 1968 Leo Rosten aliandika kitabu juu ya maneno ya Kiyidi, na humo akaeleza khutspa kwa kichekesho ambacho kimekuwa maarufu kuliko kamusi yoyote: ni mtu aliyewaua baba yake na mama yake, kisha anapofikishwa mahakamani anamwomba hakimu amhurumie kwa sababu yeye ni yatima.

Lakini ugenini neno lilianza kulainika. Mwaka 1991 mwanasheria Alan Dershowitz aliandika kitabu chenye jina hilo, akiwahimiza Wayahudi wa Marekani wasijifiche tena, wasimame wima kama raia wengine. Mwaka 1998 Antonin Scalia, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alilitumia katika uamuzi wake, naye alikuwa Mkatoliki mwenye asili ya Italia. Mwaka 2009 kikatoka kitabu cha Dan Senor na Saul Singer juu ya kampuni changa za Israeli, na humo khutspa ikaonekana kama mtaji wa biashara: askari mdogo anayempinga mkubwa wake, mfanyakazi anayemwuliza bosi kwa nini yeye ndiye bosi.

Hapo ndipo kijana wangu alipolikuta, likiwa limeoshwa na kupigwa pasi. Hakuna aliyemwambia kwamba huko Israeli kwenyewe, mpaka leo, mtu akikuita kwa neno hilo kwa sauti fulani anakutukana.

VIKAPU VYETU VIWILI

Nilipofika hapo nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Kiswahili. Lugha ile imeweka sifa na tusi katika kikapu kimoja. Sisi tumepewa viwili. Kuna ujasiri, ushupavu na uhodari. Kando yake kuna jeuri, ufidhuli, kiburi na kimbelembele. Ujasiri tumeupata kutoka Kiarabu, katika mzizi wa kuthubutu. Jeuri nayo imetoka Kiarabu, katika neno lenye maana ya dhuluma, kumwonea mtu. Wazee wetu walipolipokea neno hilo walijua wanachokisema: jeuri daima ina mtu inayemwonea.

Kwa hiyo sisi hatuna kisingizio. Vikapu viko viwili, na mkono wetu ndio umechanganya. Tumechukua jeuri, tukaipaka mafuta, tukaiita imani. Tunasimama madhabahuni na kumpangia Mungu tarehe. Tunamwamuru mgonjwa apone kabla ya Jumapili kana kwamba sisi ndio tunaoshika funguo. Ni ufalme usio na taji.

Nasema "tunasimama", lakini acha niseme vizuri. Nilisimama.

DENI LANGU

Miaka kadhaa iliyopita mume wa dada mmoja wa kanisa letu alilazwa akiwa mgonjwa sana. Madaktari walikuwa wameieleza familia ukweli, kwa upole, kwamba siku zimebaki chache. Ijumaa hiyo tulikuwa na kesha. Kanisa lilikuwa limejaa, kinanda kinalia, watu wana moto. Nikashika kipaza sauti nikatangaza kwamba ndugu huyo hafi, na kwamba Jumapili ya Pasaka ataingia kwa mlango ule akitembea kwa miguu yake. Watu walipiga kelele za furaha. Mke wake alianguka chini akilia kwa shukrani.

Sikuwa nimesikia sauti yoyote kutoka kwa Bwana. Nilikuwa nimesikia makofi.

Ndugu za mgonjwa walitaka kuja kutoka nyumbani kumwona. Dada huyo akawaambia wasisumbuke na nauli, watamwona Pasaka. Kulikuwa na mambo ya shamba na ya karo ambayo mume alijaribu kuyazungumza kitandani. Akamnyamazisha, akamwambia hayo ni maneno ya kutokuamini. Alikufa Alhamisi.

Nilihubiri kwenye mazishi. Nilihubiri vizuri. Nilisema njia za Mungu hazichunguziki, nikalifunika kosa langu kwa jina la Mungu. Hakuna mtu aliyeniuliza swali, na mimi nilishukuru kwamba hawakuuliza.

Ilichukua zaidi ya mwaka dada huyo kuniambia. Hakuja kwa hasira. Tulikuwa tumekaa nje ya kanisa, akaniambia, "Pasta, sikumuaga. Yeye alitaka kuniaga, mimi nikakataa, kwa sababu wewe ulisema hafi."

Wapendwa, sasa rudi kwenye Danieli 3:22. Amri ilikuwa ya mfalme, na mwali uliwaua waliotii. Mimi sikuungua. Jumapili iliyofuata nilikuwa madhabahuni kama kawaida. Aliyeungua ni yule aliyeliamini neno langu.

Wakati ule nilimwambia "pole, mama". Pole si msamaha. Pole unamwambia hata mtu aliyejikwaa barabarani. Juma lililopita, baada ya kulifuata neno hili mpaka mwisho, nilikwenda nyumbani kwake pamoja na mzee mmoja wa kanisa, nikamwomba msamaha mbele ya watoto wake. Nikawaambia kwamba Mungu hakuwadanganya, mimi ndiye niliyesema neno ambalo sikupewa. Kifungua mimba wake aliniuliza kama naweza kuyasema hayo mahali nilipoyasemea yale mengine. Nikamwambia ndiyo. Jumapili nilisema kanisani. Leo nasema hapa, kwa ruhusa yao, kwa sababu wengi wenu hamtufikii isipokuwa kwa simu, na wengine mlilisikia tangazo lile.

BASI TUOMBE BILA UJASIRI?

Hapana. Na hapa nataka unisikilize, maana najua kuna mtu atasoma haya na kuanza kuomba kwa kunong'ona, kama mwenye kuomba mkopo kwa mtu anayemdai.

Fungua Luka 11. Yesu anatoa mfano wa mtu anayemwendea rafiki yake usiku wa manane kuomba mikate mitatu. Mwenye nyumba amelala na watoto, mlango umefungwa. Biblia yetu katika mstari wa 8 imeegemea upande wa kutoacha kuomba. Lakini neno la Kigiriki pale, anaideia, maana yake ya wazi ni kukosa haya. Yesu anasifu maombi yasiyo na aibu! Ila angalia mikate ni ya nani. Mtu yule hana njaa yeye. Amefikiwa na mgeni. Amekubali kuaibika usiku wa manane ili mgeni wake ale.

Mwone Ibrahimu katika Mwanzo 18. Anapatana na Mungu kuhusu Sodoma kama mtu aliye sokoni: kutoka watu 50 mpaka 10. Huo ni ujasiri mkubwa. Lakini anakiri katikati ya mazungumzo kwamba yeye ni mavumbi na majivu, na mji anaouombea si wake.

Mwone yule mama katika Marko 7, Msirofoinike, mgeni, aliyejibizana na Yesu juu ya makombo yanayoanguka chini ya meza. Anamwombea binti yake.

Na Waebrania 4:16 inatualika kukikaribia kiti cha neema kwa ujasiri. Neno la Kigiriki pale ni parresia. Huko Athene ya kale lilikuwa neno la raia: haki ya mtu huru kusimama kwenye baraza na kusema yote yaliyo moyoni. Mtumwa na mgeni hawakuwa na haki hiyo. Ndilo neno linalotumika katika Matendo 4:13, wakuu walipouona ujasiri wa Petro na Yohana, watu wasio na elimu. Kwa damu ya Yesu umepewa haki ya kusema yote mbele za Mungu. Lakini raia anayesema barazani hajawa baraza. Umepewa mdomo. Kiti bado ni Chake.

Sasa tumalizie pale pale tulipoanzia, mbele ya tanuru. Katika Danieli 3:17 na 18 vijana watatu wanamjibu mfalme. Wanasema Mungu wao anaweza kuwaokoa. Hawana shaka hata kidogo. Kisha wanaongeza maneno ambayo mimi niliyasahau kwenye kesha lile: na hata asipofanya hivyo, hatutaiabudu sanamu yako.

Pale palikuwa na ujasiri wa aina mbili. Wa mfalme hauna "hata asipofanya". Ni lazima iwe nilivyosema, na sasa hivi. Wa vijana umeliacha neno la mwisho mikononi mwa Mungu. Imani yao haikupungua kwa kusema hivyo. Ndiyo maana walikuwa tayari kuingia wao wenyewe motoni, na hawakumtuma mtu mwingine.

KWAKO, KIJANA WANGU

Kwa hiyo hili ndilo jibu ambalo ningekupa siku ile mlangoni kama nisingekuwa na haraka.

Nenda ofisini kwa mkubwa, lakini bisha hodi. Eleza biashara yako bila kutetemeka. Omba bei nzuri, omba tena ukikataliwa, Mungu hakukuumba uwe mkeka. Kabla hujaenda jiulize mambo haya tu. Ninayemwombea ni nani, na je, mimi peke yangu ndiye nitakayekula mikate hiyo? Nikiambiwa hapana, nitabaki mtu yule yule, au nitakuwa Nebukadreza? Na kama nimekosea, moto utamchoma nani: mimi, au mtu aliyeniamini? Kama umeruka foleni, kuna mama nyuma yako aliyefika saa kumi na moja alfajiri. Hiyo tunaiita jeuri, hata ukiifunga kwa Kiebrania.

Na kwako uliyewahi kuchomwa na neno la mhubiri: ulipanda mbegu uliyokopa, uliacha dawa, hukumuaga mtu wako. Sina haki ya kuomba msamaha kwa niaba ya wachungaji wote. Naomba kwa ajili yangu. Kama ni mimi, nipigie au uje. Mlango uko wazi, na sitakuja na kipaza sauti.

Ijumaa hii tuna kesha. Tutaomba kwa nguvu, tutalia, tutamdekea Baba yetu kama watoto. Kuna watoto wawili wa kanisa wako hospitalini, na tutawataja kwa majina. Tutamwambia Mungu wazi tunachotaka. Kisha tutasema pia yale maneno mengine ya vijana watatu, na tutawapa wazazi wao nauli wakae karibu na watoto wao.

Tuombe.

Baba, tunakuja bila aibu kwa sababu Mwanao ametufungulia. Utusikie kwa ajili ya walio na kiu. Utunyamazishe tunapotaka kusema usichosema. Waponye wale waliochomwa na maneno yetu. Na hata usipofanya tulivyoomba, wewe bado ni Mungu wetu. Katika jina la Yesu. Amina.

Ni mimi mchungaji wenu. Mbarikiwe.